Sura ya Nne: Uko Wapi Siku Hizi?

Mtu wa Dar es Salaam hakuulizi unalipwa shilingi ngapi. Kufanya hivyo ni utovu wa adabu, na isitoshe hana haja. Anakuuliza, "Uko wapi siku hizi?" Ukishamjibu, mengine anayamaliza mwenyewe kichwani huku mkiendelea kuulizana habari za nyumbani. Ukisema Benki Kuu au TRA, sauti yake inashuka kidogo kwa heshima. Ukisema Bandari, anacheka na kukuita bosi. Ukisema mgodini Geita, anataka kujua mnakaa kambini wiki ngapi na mnapumzika ngapi. Ukisema unafundisha sekondari Mbagala, anakwambia ualimu ni wito. (Sijawahi kumsikia mtu akimwambia mhasibu kwamba uhasibu ni wito.)

Jedwali hilo la mishahara hakuna aliyeliandika, lakini kila mmoja wetu analo, na limejaa makosa. Halijui kwamba huyo wa TRA ni wa mkataba wa muda. Halijui kwamba mtu wa shirika la kimataifa analipwa na mradi unaofungwa Septemba, au kwamba mwalimu wa Mbagala ana bajaji mbili barabarani na duka la vifaa vya shule. Hata hivyo tunalitumia kila siku, na kwa hukumu zake watu wazima wanakosa usingizi.

Mtu akiwa na miaka 24 jedwali hili halimuumizi. Wakati huo wote mnazungusha bahasha za vyeti, na aliyepata kazi mapema anaonekana tu kuwa na bahati. Maumivu huanza kwenye miaka 32, 33 hivi, na kwa kizazi cha wasomi walio kwenye umri huo leo yana sababu yake maalumu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Chuo Kikuu cha Dodoma kilifunguliwa mwaka 2007. Waliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndio waliojaa kwenye kumbi hizo, na sehemu kubwa yao waliishi kwa bumu, fedha ya kujikimu ya mkopo. Mtoto wa mkulima wa Namtumbo na mtoto wa karani wa Moshi walisaini karatasi zilezile, wakapanga foleni moja, wakaishiwa wiki moja. Kwa miaka mitatu au minne walikuwa sawasawa kwa shilingi, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla yake wala halitatokea tena maishani mwao.

Miaka kumi baadaye wako kwenye kundi moja la WhatsApp la darasa. Mmoja anatuma picha ya nyumba yake ya Goba ikiwa kwenye hatua ya kupaua. Mwingine anaitazama picha hiyo akiwa amekaa kwenye chumba na sebule ya kupanga Tabata. Huyu wa Tabata hana kinyongo na Mohammed Dewji. Utajiri wa Dewji uko mbali kama mvua ya nchi nyingine. Anayemnyima raha ni yule aliyekuwa akinakili asaimenti zake.

Pahali ambapo mishahara ya watu wa rika hili inakaribia kusomwa hadharani ni kikao cha harusi. Jumapili jioni, baa fulani ya Sinza, viti vya plastiki vimepangwa duara. Mwenyekiti ana daftari, mweka hazina ana simu mbili, moja ni ya kupokelea michango. Baada ya sala na utambulisho, ahadi zinaanza, na ahadi ya kwanza ndiyo inayopanga bei ya wote. Wa shirika akitaja laki tano, walimu wawili waliokubaliana njiani kutaja elfu sabini wanajikuta wametaja laki. Kisha mwenyekiti, ambaye huchaguliwa kwa ulimi wake, anamgeukia mtu wa bandarini aliyetaja laki mbili: "Mheshimiwa, hiyo umemwahidia mtoto wako au ni ya kwako?" Watu wanaangua kicheko, naye anapandisha hadi laki nne. Hakuna hata mmoja pale anayejua kwamba huyo mheshimiwa ni ofisa wa ngazi ya chini kabisa na kwamba ana mdogo wake anayesomea udaktari kwa fedha zake.

Nimekaa kwenye vikao vya namna hii vya kutosha kuona utaratibu wake. Mtu hachangii kulingana na anachopata. Anachangia kulingana na kile ambacho kamati inaamini anapata, na anayedhaniwa analipwa vizuri hulipishwa hiyo kodi ya pili kila msimu wa harusi. Mtu pekee mle ndani anayejua ukweli ni mweka hazina. Yeye anaona nani amelipa ahadi yote siku ya pili, nani anatuma elfu ishirini ishirini baada ya tarehe 25, na nani amezima simu. Kama kuna mtafiti anayetaka kujua hali halisi ya vipato vya wasomi wa mjini, aache dodoso zake na aombe daftari la mweka hazina.

Sasa tufungue slipu mbili, maana hapa ndipo ulinganisho wa mitaani unapoharibikia. Chukua watu wawili wenye miaka 34, wote mshahara wa msingi ni 1,800,000 kwa mwezi. Wa kwanza ni mhandisi wa kike katika halmashauri. Wa pili ni mwanamume aliye kwenye kampuni binafsi ya usafirishaji, na baba yake alimlipia ada zote za chuo. Wakikutana kwenye kikao cha harusi na kila mmoja akataja tarakimu hiyo, wataondoka wakiamini wako sawa.

Mhandisi anakatwa asilimia 5 ya PSSSF, yaani 90,000. Kodi ya ajira kwa Tanzania Bara inapigwa kwenye kinachobaki baada ya mchango huo: 270,000 za kwanza hazikatwi kitu, zinazofuata hadi 520,000 zinakatwa asilimia 8, kisha asilimia 20, kisha 25, na kila shilingi inayozidi milioni moja inakatwa asilimia 30. Kodi yake inafika 341,000. Bima ya afya asilimia 3 ni 54,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2 ni 36,000. Halafu inakuja Bodi. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mwajiriwa aliyesoma kwa mkopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kutoka asilimia 8 ya awali. Kwake ni 270,000. Jumlisha makato yote, toa, na kinachoingia benki ni 1,009,000.

Mwenzake anakatwa asilimia 10 ya NSSF, 180,000. Kodi yake ni 314,000. Bima ya afya kampuni inalipa yote, chama hana, Bodi hawamjui. Anapokea 1,306,000.

Tofauti ni 297,000 kila mwezi, kati ya watu wanaolipwa sawa. Kwa Dar es Salaam hiyo ni kodi ya nyumba. Sehemu kubwa yake haitokani na kazi wanayofanya wala na bidii. Inatokana na baba aliyelipa ada na baba asiyeweza, deni la ujana linalokuja kudaiwa mtu akiwa na watoto wawili.

Usikimbilie kumhurumia mhandisi lakini. Rudi kwenye mstari wa hifadhi ya jamii. Yeye anachangia 90,000, na mwajiri wake anaweka asilimia 15, yaani 270,000. Mwenzake anachangia 180,000 na mwajiri anaweka 180,000. Kwa wote wawili kinachoingia kwenye mfuko ni 360,000. Mwanamume anajikamua mara mbili zaidi kufika palepale. Kisha tazama Bodi yenyewe. Tuseme mhandisi anadaiwa milioni 9. Kwa makato ya 270,000 deni hilo linaisha ndani ya miezi 34. Akiwa na miaka 37, bila kupanda daraja na bila hotuba ya Mei Mosi, neti yake itaruka hadi 1,279,000. Atakuwa nyuma ya mwenzake kwa 27,000 tu. Watu wengi wa rika hili wamo katika miaka hiyohiyo ya kumalizana na Bodi, kwa hiyo ukilinganisha neti leo, unawalinganisha watu waliosimama kwenye vituo tofauti vya njia moja.

Liko na jingine ambalo slipu inalipindua kabisa. Mtumishi wa umma anakopesheka. Benki zinamfuata hadi ofisini, na kinachomzuia ni ile kanuni kwamba makato yote yasimwachie chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi. Huyu mhandisi anaweza kukopa mpaka abaki na laki sita. Ukisikia tekihomu yake ni laki sita na ushee, utasema maskini, na mshahara wote ule. Usichokijua ni kwamba laki nyingine zile zimekwisha kuwa msingi, nguzo na bati huko Mapinga. Yule unayemwonea wivu kwa tekihomu yake ya milioni moja na laki tatu huenda bado anampelekea mwenye nyumba kodi ya miezi sita.

Lakini niseme pia kwamba zipo slipu za theluthi moja ambazo hazina nyumba nyuma yake. Zina mkopo uliokopwa kulipa mkopo, na wakopeshaji wa kausha damu wanaoshikilia kadi ya benki ya mtu na namba yake ya siri. Kwa nje slipu hizi mbili zinafanana kabisa.

Serikalini, kwa kweli, mshahara haujawahi kuwa siri. Ngazi zipo na waraka upo. Mtu akikwambia yuko ngazi ya TGS E, unaweza kukisia mshahara wake bila kumkosea. Uwazi huo una historia, na sehemu yake ilianzia kwa vijana waliolinganisha. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu kupinga utaratibu mpya wa Jeshi la Kujenga Taifa, ambao ungewafanya wahitimu walipwe kwa miezi 18 asilimia 40 tu ya mishahara yao. Hoja yao ilikuwa nyepesi: viongozi waliowataka wafunge mikanda walikuwa wakilipwa vizuri na kuendesha magari. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akapandwa na hasira, akatangaza palepale kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawafukuza wanafunzi karibu 400 warudi makwao. Miezi minne haikupita likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, na ndani yake mwiko wa kiongozi kupokea mishahara miwili au zaidi.

Miaka kumi baadaye, katika tathmini yake ya Azimio, Mwalimu alitaja hesabu ambayo naona ingefaa irudiwe zaidi ya inavyorudiwa. Wakati wa Uhuru, mshahara wa juu kabisa katika sekta ya umma, baada ya kodi, ulikuwa kama mara 50 ya kima cha chini. Kufikia mwaka 1976 ulikuwa kama mara 9. Unaweza kubishana na mengi ya enzi hizo, na wapo wanaozikumbuka kwa foleni za sukari tu, lakini hiyo ilikuwa serikali iliyofanya ulinganisho wa mishahara kuwa kazi ya taifa, ikauandika na kuutolea taarifa.

Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 liliulegeza mwiko ule, na leo kijana wa miaka 35 mwenye mshahara mmoja tu anaonekana amelala. Bado siasa hurudi kwenye hesabu ileile kila baada ya muda. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba katika utumishi wa umma hapatakuwa na mshahara wa kuzidi milioni 15, baada ya kueleza kuwa wapo wakuu wa taasisi waliokuwa wakilipwa hadi milioni 40. Mtaani watu walishangilia, ingawa nyongeza zao wenyewe nazo zilikuja kusimama. Mwaka 2022 ilitangazwa nyongeza ya asilimia 23.3, na nchi nzima ikaanza kuzidisha mshahara wake kwa 1.233. Slipu za Julai zilipotoka, wengi walikuta vijisenti. Serikali ikafafanua kwamba asilimia ile ilikuwa ya kima cha chini, na kadiri ngazi inavyopanda nyongeza inapungua. Kwa jicho la Mwalimu, ule ulikuwa ufinyazaji wa pengo, jambo la kusifiwa. Kwa jicho la ofisa wa miaka 36 aliyekwisha kumwahidi fundi, ilikuwa dhihaka. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mtumishi wa umma kimepanda tena, kutoka 370,000 hadi 500,000, na safari hii watu walisoma maelezo kabla ya kuzidisha.

Ngazi zinapobanana, tofauti hutafuta mlango mwingine, na mlango huo ni posho. Maofisa wawili wa TGS ileile, walioajiriwa mwezi mmoja, mmoja yuko masijala na mwingine yuko kwenye kitengo kinachoratibu miradi ya wafadhili. Wa pili analala Morogoro au Dodoma wiki mbili kila mwezi kwa posho ya kujikimu, anakula chakula cha warsha, na mshahara wake unakaa benki haujaguswa. Watu wa ndani hawaulizani daraja. Wanaulizana, "Umepangiwa idara gani?" Idara yenye ulaji inajulikana, na kuhamishwa kutoka huko ni kupunguziwa kipato bila barua yoyote kusema hivyo.

Kwenye kampuni binafsi, tofauti na serikalini, mshahara wenyewe ni siri. Huko mkataba wenyewe mara nyingi una kifungu kinachosema malipo ni siri kati ya mwajiri na mwajiriwa, na watu wanakiheshimu kifungu hicho kuliko wanavyoheshimu muda wa kuingia kazini. Tunajiambia kwamba ni adabu. Ila jiulize siri hiyo inamfichia nani. Mwajiri anazo slipu zote. Msiozijua ni ninyi mliokaa meza moja.

Wapo walioupima uwazi kwa makini. David Card, Enrico Moretti na wenzao walichukua wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha California, ambao mishahara yao ilikuwa tayari wazi kwenye tovuti ya gazeti moja, wakawajulisha baadhi yao kwamba tovuti hiyo ipo. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2012. Waliogundua wako chini ya wenzao wa idara na kazi ileile walipungukiwa na kuridhika na wakaanza kufikiria kutafuta kazi nyingine. Waliogundua wako juu, hakuna kilichobadilika; furaha yao haikupanda hata kidogo. Yaani kwenye mchezo huu kuna anayefungwa, lakini hakuna anayefunga.

Norway ni kali zaidi. Huko taarifa za kodi za raia ni mali ya umma tangu zamani, lakini ilikuwa sharti uende ofisini ukaombe kitabu. Mwaka 2001 vyombo vya habari viliziweka kwenye intaneti, na kila mtu akaanza kumchungulia jirani, shemeji na mpenzi wa zamani. Mtafiti Ricardo Perez-Truglia aliona kwamba baada ya hapo pengo la furaha kati ya wenye kipato kikubwa na wenye kidogo lilitanuka. Mwaka 2014 wakaongeza sharti dogo: unayemchungulia ataona jina lako. Uchunguliaji ukaporomoka. Nadhani sisi tungefanya vivyo hivyo, tena kwa kasi zaidi.

Perez-Truglia huyohuyo, pamoja na Zoë Cullen, alikwenda kwenye benki kubwa ya Asia na kukuta jambo ambalo wakuu wa rasilimaliwatu wangepaswa kulibandika ukutani. Mfanyakazi akijua bosi wake analipwa zaidi ya alivyodhani, anaongeza juhudi. Anaona mbele kuna kitu. Akijua mwenzake wa ngazi ileile anamzidi, anapunguza. Dari halimkeri mtu kama linavyomkera kigoda cha jirani kilicho juu kidogo kuliko chake.

Kwa hiyo wanaosema kulinganisha mishahara huleta uchungu wana ushahidi. Ninachobishia ni wanachokihitimisha, kwamba basi tunyamaze. Sisi hatujanyamaza. Tunalinganisha usiku na mchana, ila tunalinganisha na watu wasiofaa, wanadarasa walio kwenye kazi nyingine, mikoa mingine na madeni mengine, na tunafanya hivyo kwa kukisia. Ulinganisho mmoja ambao ungeweza kubadilisha slipu ya mtu, wa yeye na anayefanya kazi ileile nyumba ileile, ndio huo tunaouita umbea.

Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 23, inampa kila mtu haki ya ujira unaolingana na kazi yake bila ubaguzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini, wa jinsia ukiwemo. Vifungu vizuri, lakini mwanamke wa miaka 33 aliyerudi kutoka siku 84 za uzazi na kukuta wenzake wameongezwa yeye akiwa nyumbani, atavitumiaje wakati hajui kama wameongezwa?

Nimalizie na binamu yangu, mhasibu wa kampuni moja hapa mjini. Kwenye usaili aliulizwa analipwa kiasi gani alikotoka. Akasema laki saba, ukweli mtupu, wakampa laki tisa, akatoka akimshukuru Mungu. Mwezi uleule aliajiriwa dada mmoja kwa cheo kilekile. Yeye alipoulizwa hakutaja alikotoka. Alisema anatarajia milioni moja na laki nne, wakakubaliana milioni moja na laki tatu. Kwa miaka mitano kampuni iliwaongeza wote asilimia 5 kila mwaka, bila upendeleo. Ndiyo ubaya wa asilimia: pengo la laki nne lilikua nalo hadi kupita laki tano na elfu kumi, na kila Januari binamu yangu alikuwa akishukuru tena.

Alijua kwa sababu ya SACCOS. Yule dada alimwomba amdhamini mkopo, na fomu ya udhamini ina kisanduku cha mshahara wa mwombaji. Binamu yangu aliisaini fomu hiyo kwa mkono unaotetemeka, kisha kwa siku kadhaa hakumsalimia yule dada. Ajabu ni kwamba hasira zote zilimwangukia dada huyo. Meneja, aliyewapangia wote wawili, aliendelea kuamkiwa vizuri.

Dada ndiye aliyevunja ukimya, kwenye foleni ya chakula. "Kaka, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, dada yangu. Nilikuwa sijui tu."

"Hujui nini?"

Akamweleza. Yule dada hakujitetea wala hakuona haya. Alimwambia kwamba kabla ya usaili alipiga simu kwa wahasibu wanne wa kampuni za aina ileile, watu aliosoma nao CPA, akawauliza swali moja: kwa cheo hiki na uzoefu huu, kwenu wanaanzia ngapi na wanaishia ngapi? Hakumuuliza yeyote analipwa ngapi. Watatu walimjibu.

Binamu yangu naye akapiga simu zake. Aliingia kwa meneja bila kumtaja yule dada hata mara moja; alikwenda na kiwango cha soko cha cheo chake, orodha ya hesabu alizofunga, na ripoti za wakaguzi wa nje zisizo na hoja. Walizungushana kwa wiki kadhaa. Mwishowe aliongezwa hadi milioni moja na laki nne na nusu, chini ya yule dada bado, juu ya alipokuwa kwa zaidi kidogo ya laki tatu. Bodi, nayo, ilichukua asilimia 15 yake ya nyongeza hiyo mwezi uleule, kabla hata hajaiona.

Barua ya nyongeza ilikuwa na sentensi inayomtaka asimweleze mtu yeyote. Aliisaini. Baada ya muda kijana mmoja wa idara ya manunuzi, anayejiandaa kwa usaili wa kupanda cheo, alimfuata kwenye maegesho ya magari na kumuuliza, "Kaka, hivi kwa nafasi ile niombe kiasi gani?" Binamu yangu alimtajia tarakimu mbili, ya chini na ya juu, akamwambia aanzie ya juu.